Kwa wewe unayeanza kufanya kazi na Ras

Kama umepewa mradi wa protini ya Ras na hii ndiyo wiki yako ya kwanza maabara, weka kando ile michoro yenye mishale hamsini. Mimi niliikariri yote, kuanzia kipokezi kwenye utando hadi jeni ndani ya kiini, kisha nikaulizwa swali moja mkutanoni: "Katika seli hizi za saratani, Ras imeongezeka?" Nikajibu ndiyo, kwa sauti. Haikuwa imeongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni ilichokishika.

Anzia hapo. Ras ni protini ndogo yenye asidi amino 188 au 189, imejishikiza kwa mkia wa mafuta upande wa ndani wa utando wa seli. Ziko ndugu watatu, KRAS, HRAS na NRAS, na jina la ukoo limetokana na virusi vya sakoma ya panya vilivyochunguzwa miaka ya 1960. Hushika mojawapo ya molekuli mbili ndogo: GDP, yenye fosfati mbili, au GTP, yenye tatu. Ikishika GDP imelala. Ikishika GTP, sehemu mbili za uso wake hubadilika umbo, na hapo Raf, protini ya kwanza kwenye mnyororo wa kupitisha ishara, hupata pa kushika. Raf huamsha MEK, MEK huamsha ERK, na ERK huingia kwenye kiini kuhimiza seli ikue na kugawanyika. PI3K, kimeng'enya kingine, nayo huamshwa hapohapo, kwa njia yake.

Utaambiwa Ras ni swichi. Si uongo, ila picha iliyonisaidia mimi ni pipa lenye bomba juu na tundu chini. Bomba ni GEF, protini za kuiwasha Ras, kama ile iitwayo SOS: huilegeza Ras iiachie GDP, na kwa kuwa ndani ya seli GTP ni nyingi kuliko GDP, ndiyo inayowahi nafasi. Tundu ni GAP, protini za kuizima Ras. Ras yenyewe inaweza kuikata GTP iwe GDP, lakini kwa mwendo wa kinyonga. GAP huchomeka kidole chake cha ajinini (asidi amino mojawapo) pale inapokatwa, na kasi hupanda takribani mara laki moja. Unachopima maabara ni kina cha maji tu, yaani Ras iliyoshika GTP. Kikipanda, jiulize: bomba limefunguliwa zaidi, au tundu limeziba?

Kwenye saratani, mara nyingi ni tundu. Asidi amino ya 12 ni glaisini, ndogo kuliko zote, na kidole cha GAP hupita jirani nayo kabisa. Ikiwekwa valini, au hata sisteini, nafasi hiyo haipo tena. Mwaka 1982 ndivyo ilivyoonekana kwenye HRAS ya seli za saratani ya kibofu cha mkojo: herufi moja tu ya DNA imebadilika, na glaisini imekuwa valini. Nafasi ya 13 na ya 61 nazo zina sifa mbaya. Tena usidhani lazima kasoro iwe kwenye Ras. Neurofibromini, zao la jeni NF1, ni GAP; ikipotea, Ras isiyo na kosa lolote hubaki imewaka. Ukisoma jeni za RAS peke yake utaandika "hakuna tatizo".

Sasa jaribio litakalokutoa jasho. Tunatumia shanga ndogo zilizopakwa kipande cha Raf, kile kinachoshika Ras yenye GTP pekee, tunazivuta, kisha tunapima kilichoganda. Kipimo kizuri, ila hakisubiri mtu. Ukishapasua seli, GAP bado zimo kwenye mchuzi ule na zinaendelea na kazi. Siku moja sentrifuji ilikuwa na foleni, nikaacha mirija yangu mezani kama robo saa. Filamu ikatoka nyeupe. Nikailaumu kingamwili ya kuitambua Ras wiki mbili nzima! Kwa hiyo barafu kwanza, bafa iwe imepoa na yenye magnesiamu, na kila sampuli ipimwe pia Ras yote, si ile iliyovutwa tu. Ukichochea seli kwa EGF, kichocheo cha ukuaji kinachofungua bomba, kilele huja ndani ya dakika chache. Anayekwenda kunywa chai atakuta maji yameshashuka.

Na usiitumie ERK iliyoamshwa kama ushahidi wa Ras. Seli zenye BRAF V600E, yaani Raf iliyobadilika ikawa inawaka yenyewe, huwasha ERK bila kuihitaji Ras.

Kuhusu dawa, chunguza ni badiliko lipi hasa. Cetuximab huziba kipokezi cha EGF, yaani hufunga bomba. Kwenye saratani ya utumbo mpana yenye KRAS iliyobadilika haisaidii, maana tundu ndilo lililoziba. Sotorasib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hujifunga kwenye ile sisteini ya G12C (glaisini ya 12 iliyogeuka sisteini), na huishika Ras ikiwa na GDP. Inawezekana kwa sababu G12C bado huikata GTP yenyewe polepole, na dawa huivizia hapo. MIA PaCa-2 na PANC-1 zote ni seli za saratani ya kongosho, lakini ya kwanza ina G12C na ya pili G12D, ambapo hakuna ile sisteini. Nimeshamwona mtu akiongeza dozi ya sotorasib kwenye PANC-1 mwezi mzima, akisubiri ERK ishuke.