Nimetuma pachi, wiki inaisha kimya. Niachane nao?

SWALI: Habari kaka, mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, nasomea Morogoro. Nimerekebisha kosa kwenye programu moja huria nikawatumia wenyewe pachi, yaani hayo marekebisho, leo siku ya sita hakuna hata aliyeniambia imefika. Hivi hawa watu kila mmoja yuko nchi yake, ofisi hawana, wanaelewanaje? Na mimi niachane nao au? Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiachane nao mdogo wangu, siku sita bado mapema sana. Nikupe mfano wa Linux, kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, maana ndio mradi ninaoufuatilia kwa karibu na ndio uko ndani ya kila simu ya Android.

Linus Torvalds aliuanza 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, leo kila toleo lina mikono ya watu zaidi ya elfu moja na wengi wao hawajawahi kuonana kabisa. Toleo linatoka kila baada ya wiki 9 au 10 hivi, wiki 2 za mwanzo ndio wanapokea vitu vipya, baada ya hapo ni kurekebisha makosa tu na kila Jumapili yanatoka majaribio mpaka litulie. Sasa pachi yako ikiangukia zile wiki 2 ndo basi, msimamizi ana mzigo mpaka shingoni, kimya chake hakimaanishi kakukataa.

Na bosi yupo, ndiye Torvalds, ila hasomi kila kitu. Kuna faili linaitwa MAINTAINERS, humo imeandikwa nani anasimamia sehemu gani, huyu draiva za wifi, yule mambo ya diski, unamtumia mwenye sehemu yake kwa imeili, tena maandishi yawe ndani ya imeili yenyewe usiambatanishe faili, ili aweze kukujibu chini ya mstari uleule wenye shida. Akiridhika anaongeza jina lake chini ya la kwako kwenye mistari ya Signed-off-by, ni kama sahihi, na kuipeleka kwa wa juu yake mpaka imfikie Torvalds, ambaye anapokea zaidi kutoka kwa wasimamizi anaowaamini. Hapa ndipo napapenda sana, hata miaka kumi ikipita mtu anaona nani aliandika, nani alipitisha na kwanini.

Git nayo, programu ya kutunza kumbukumbu ya kila badiliko, ilizaliwa hukohuko 2005, baada ya kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu ya kazi hiyohiyo waliyokuwa wanaitegemea, Torvalds akakaa akatengeneza ya kwake. Historia yote ya mradi inakaa kwenye mashine yako, kwahiyo hata bando likiisha kazi inaendelea, utatuma ukipata.

Sasa wewe. Mwongozo wa Linux unasema subiri angalau wiki moja ndo ukumbushe. Mradi wako unaweza kuwa na utaratibu tofauti, wengi siku hizi wanapokea kupitia tovuti ya GitHub, tafuta faili la CONTRIBUTING ulisome lote. Halafu rudia kusoma maelezo uliyoandika kwenye pachi, umesema kwanini ulibadilisha au umesema tu ulichobadilisha? Kama umerekebisha makosa matatu kwenye pachi moja yatenganishe, mtu aliyechoka atasoma mistari kumi, mia tatu ataiweka kiporo. Ukishaipanga vizuri tuma tena ukiandika v2, yaani toleo la pili, na useme kipi kimebadilika. Kama ilikuwa sawa tangu mwanzo, subiri siku mbili tatu hizi uandike palepale kwenye mazungumzo ya kwanza, sentensi moja ya heshima inatosha.