Soriasisi kali ukiwa na mimba

Pole sana dada. Umeuliza kama uendelee na vidonge vya methotreksati kwa kuwa mabaka ya soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi, yamekuzidi na una mimba. Hapana, usimeze tena hata kidonge kimoja, na mwone daktari leo hii. Dawa hiyo huweza kutoa mimba au kumlemaza mtoto. Asitretini, dawa nyingine ya soriasisi, nayo ni marufuku. Ila usidhani huna tiba. Tumia mafuta mazito, upake ngozi ingali na unyevu baada ya kuoga, pamoja na krimu ya steroidi isiyo kali, ya kutuliza mwasho na wekundu. Isipotosha, kuna mionzi ya UVB, yaani mwanga maalumu unaomulikwa kwenye ngozi hospitalini, ukimeza na asidi ya foliki (vitamini) maana mwanga huo unaweza kuipunguza mwilini. Ikigoma, daktari aweza kukupa siklosporini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Ukiona vipele vya usaha na homa, kimbilia hospitali, usingoje kukuche.