Niliyoyaona India kuhusu GIS: chokaa kwanza, droni baadaye

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: kama ni kweli Wahindi wamepunguza wizi wa fedha za umma na migogoro ya ardhi kwa kutumia GIS, yaani ramani za kompyuta zenye taarifa za kila mahali, na kama halmashauri yenu ipeleke watu kozi huko au hela hiyo inunue droni. La pili nitalijibu mwishoni. La kwanza ni refu, kaa kitako.

Mimi ni mpima ardhi wa halmashauri, mwaka wa kumi na tatu huu. Mwaka 2022 nilibahatika kupata kozi fupi Dehradun, chini ya milima ya Himalaya, kwa ufadhili wa ITEC, mpango ambao India inautumia kufundisha watumishi wa nchi nyingine tangu 1964. Dehradun kwa watu wa ramani ni kama Makka. Survey of India, idara yao ya upimaji iliyoanza 1767, ina makao makuu pale. Niliondoka Dar nikiwaza kurudi na programu mpya kwenye flashi. Nilirudi nikiwaza chokaa.

Wikiendi moja tulipanda basi, tukavuka vilima vya Shivalik, tukashukia wilaya ya Saharanpur, jimbo la Uttar Pradesh. Miwa kushoto, miwa kulia. Tulikuwa tunakwenda kuona mradi wa SVAMITVA, uliozinduliwa tarehe 24 Aprili 2020 kupima makazi ya vijijini kwa droni na kumpa kila mwenye nyumba kadi ya umiliki. Pale Uttar Pradesh kadi hiyo wanaiita gharauni, kutokana na ghar, yaani nyumba.

Unaweza kushangaa: nchi iliyopimwa miaka mia mbili na ushee inakosaje ramani ya nyumba za kijijini? Jibu ni kodi. Mwingereza alipima mashamba kwa sababu mashamba ndiyo yaliyomlipa. Nyumba za kijiji hazikuwa na kodi ya ardhi, kwa hiyo eneo zima la makazi, wanaloliita abadi, lilizungushiwa mstari mmoja na kupewa namba moja. Ndani ya mstari huo watu wamezaliwa, wamegawana nyua, wamejenga, wamekufa, na karatasi hakuna. Ukienda benki na nyumba yako ya matofali, benki inakuuliza: ipi kati ya hizo?

Sasa tulichokiona. Tulifika asubuhi tukitegemea kuona droni ikiruka. Haikuruka. Tulikuta vijana wawili na ndoo za chokaa, wanamwaga mstari mweupe kuzunguka kila kiwanja, nyumba kwa nyumba. Nyuma yao anatembea lekhpal, yule karani wa serikali anayeshika daftari la ardhi, pamoja na pradhan, mwenyekiti wa kijiji, na nyuma ya hao nusu ya kijiji. Kazi ya droni ni kupiga picha tu. Mpaka ukishachorwa kwa chokaa, unaonekana angani kama mstari wa uwanja wa mpira. Usipochorwa, droni inaona mabati na vumbi.

Kwenye ua mmoja msafara ulisimama. Ndugu wawili, baba mmoja, ua mmoja, katikati kuna mwarobaini. Mkubwa anasema mti uko kwake, mdogo anasema baba aliupanda yeye alipozaliwa. Wakaanza kwa sauti ya chini, mara wake zao wakaingia, mara majirani. Kijana wa chokaa akaweka ndoo chini, akaikalia. Saa nzima ikapita, lekhpal anasikiliza, mzee mmoja anaonyesha kwa fimbo ukuta wa zamani ulipokuwa. Mwishowe wakakubaliana mstari upite upande wa mdogo, kivuli watumie wote. Mkufunzi wetu akacheka, akatuambia: hii saa moja ndiyo mradi wenyewe, droni ni dakika ishirini.

Nikamuuliza, hawa ndugu hawana dada? Wanaye, kaolewa kijiji cha jirani. Sheria yao ya mirathi ya Wahindu ilirekebishwa 2005, binti ana haki sawa na mtoto wa kiume kwenye mali ya ukoo. Lakini siku ya chokaa hakuwepo, na sikumsikia hata mtu mmoja akimtaja. Baada ya chokaa na droni, ramani hubandikwa na watu hupewa muda wa kuleta pingamizi. Kwa hiyo mlango upo. Ila wewe na mimi tunajua dada gani atatoka kwa mumewe kuja kuwawekea pingamizi kaka zake. Hilo setilaiti haiwezi kulitengeneza.

Kwa wingi, mradi ni mkubwa kweli. Januari 2025 ziligawiwa kadi zaidi ya laki 65 kwa siku moja. Laki ni ile ile yetu, tuliichukua kwao.

Tukija kwenye upigaji. India ilipitisha sheria mwaka 2005 iliyoihakikishia kila familia ya kijijini siku 100 za kazi ya kibarua kwa mwaka, kuchimba mabwawa, kutengeneza barabara na kadhalika. Umeshajua kilichofuata: mabwawa hewa, vibarua hewa, bwawa moja linalipiwa mara tatu kwa majina matatu. Mwaka 2016 wakaanza kupiga picha kila mradi kwa simu, picha inabeba mahali ilipopigwa, inaingia kwenye ramani ya taifa ya Bhuvan, inayoendeshwa na watu wao wa anga kutoka Hyderabad. Baadaye wakaongeza: picha kabla ya kazi, katikati, na baada. Hapo mimi nawavulia kofia. Bwawa ni kitu kilichokaa mahali, huwezi kulihamisha kwa kalamu. Mwananchi yeyote mwenye intaneti anaweza kufungua ramani akasema, hapa kwetu hamna bwawa.

Sasa wakanogewa. Wakasema, kama tunapiga picha bwawa, kwa nini tusipige picha watu? Ikaja programu ya simu ya mahudhurio: mnyapara anapiga picha kikundi asubuhi, anapiga tena mchana, picha zote zinabeba saa na mahali. Januari 2023 ikawa lazima karibu kila eneo la kazi. Na hapa mambo yakageuka. Mtandao ukigoma, mama aliyeinama kuchimba tangu alfajiri hana mahudhurio, na asiye na mahudhurio hana ujira. Aliyemaliza kipande chake saa nne lazima arudi mchana kuja kupigwa picha. Mwaka huo huo wafanyakazi walipiga kambi Jantar Mantar, eneo la maandamano jijini Delhi, kulalamikia mambo hayo. Na wapigaji je? Walijifunza kupiga picha ya picha. Wizara yenyewe ya maendeleo ya vijijini ilikuja kukiri hilo kwenye waraka wa 2025.

Tofauti ya hizi mbili ndiyo ninayotaka uibebe kwenye kikao chenu. Picha ya bwawa inamkagua mwenye fedha, na mwananchi ndiye anaiangalia. Picha ya mahudhurio inamkagua mwenye jembe, na mwenye fedha ndiye anaiangalia. Simu ile ile, GPS ile ile.

Kuna kisa kingine sikukiona kwa macho, tulifundishwa, nami nikakifuatilia. Sheria ya haki za misitu ya 2006 inampa mkazi wa asili wa msituni haki ya shamba alilolima tangu kabla ya tarehe 13 Desemba 2005, lisizidi hekta 4. Kwenye jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, maombi mengi yalikataliwa, na picha za setilaiti zikatumika kama ushahidi kwamba hapo hapajawahi kulimwa. Mkuu, wewe unajua shamba la mvua likipigwa picha kiangazi linaonekanaje: udongo mtupu. Watu wakachukua GPS za mkononi, wakatembea kuzunguka mashamba yao wenyewe, wakaweka mistari yao juu ya picha zile zile. Kanuni za sheria hiyo zilikuwa zimeshabadilishwa 2012 kusema wazi kwamba picha ya setilaiti inaongezea ushahidi mwingine, haiwezi kuchukua nafasi yake. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Gujarat ikaamuru maombi yaangaliwe upya. Nilipokisoma kifungu hicho cha 2012 nilikinakili kwenye daftari langu la kazi, na bado kipo.

Jiji la Pune, nalo la magharibi, sitakaa sana, ingawa panastahili uzi wake. Kuna shirika linaitwa Shelter Associates, lilianzishwa 1993 na msanifu majengo Pratima Joshi. Wanapima mitaa ya mabanda nyumba kwa nyumba, wanaweka na mabomba ya majitaka kwenye ramani hiyo hiyo, halafu wanajua nyumba ipi haina choo na bomba liko umbali gani. Shirika linaleta vifaa mlangoni, familia inagharamia ujenzi. Ramani inaisha ikiwa choo. Ni ramani ngapi za miradi yetu zimeisha zikiwa bango ukutani ofisini kwa mkurugenzi?

Nisijifanye mtakatifu. Kabla ya kozi hiyo, timu yangu ilichora viwanja vya kitongoji kizima tukiwa ofisini, kiyoyozi kinapuliza, tunafuata mapaa kwenye picha ya setilaiti. Tulipobandika ramani kwenye ofisi ya kijiji, majiko ya nje tumeyahesabu kama nyumba, na njia ya kwenda kisimani tumeiweka ndani ya kiwanja cha mtu. Mwenye kiwanja alifurahi sana. Kesho yake akaweka miiba. Kuitoa ile miiba kulituchukua miezi minane, vikao sijui vingapi, na mtendaji mmoja kuhamishwa. Siku hizi natembea na mjumbe na wazee wa kitongoji, tunamwaga chokaa au hata majivu, wanawake tunawaita kwa majina siku tatu kabla, na wale walioolewa mbali tunawapigia simu. Inachelewesha kazi na mabosi wangu wananinunia.

Kwa hiyo droni au kozi? Droni mnaweza kukodi kwa siku mbili tatu, msinunue, betri zitawafia stoo. Pelekeni watu, lakini asiende afisa TEHAMA peke yake, aende na afisa ardhi au afisa maendeleo ya jamii, mtu atakayesimama kwenye ua wa ndugu wawili. Maombi ya ITEC yanajazwa mtandaoni, yanapitia kwa mwajiri na ubalozi wa India, na nauli, malazi na posho wanalipa wao. Anzeni mapema, maana barua ya mwajiri ndiyo inayochelewa. Kama ni Dehradun na ni kuanzia Novemba, mwambieni abebe sweta mbili. Mimi nilibeba shati za mikono mifupi.