Usalama wa mtandaoni uanzie kwenye simu ya mzazi

Shule nyingi za msingi hapa Uganda hupanga somo la kompyuta kwa mtindo mmoja: kwanza sehemu za kompyuta, halafu kuandika, halafu kuchora, na usalama wa mtandaoni unasukumwa hadi mwisho wa muhula, muda ukibaki. Mpango huo umekaa kinyume. Mtoto wa P4 (darasa la nne) anaweza kumaliza wiki bila kugusa kompyuta ya shule, lakini jioni anashika simu ya mama. Anamsomea bibi ujumbe, anatazama video, anatumwa kuangalia kama pesa imeingia. Hatari inamkuta huko kabla hajaijua kibodi. Basi anzeni na simu, na mwanzoni hata umeme hauhitajiki.

Zoezi la kwanza ni la pesa za simu. Andika kadi sita zenye ujumbe, tatu za kweli na tatu za uongo, uwape watoto wawili wawili wazitenge. Ujumbe wa uongo unaojulikana zaidi unasema umepokea kiasi fulani, lakini umetoka kwa namba ya mtu wa kawaida. Dakika chache baadaye anapiga mtu akidai ametuma kimakosa, arudishiwe. Hatua za kufundisha ni hizi: usitume chochote, tazama ujumbe umetoka kwa nani, mpelekee mwenye simu afungue *165# ya MTN au *185# ya Airtel na kuangalia salio kwa mkono wake. Kama salio halikuongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Kama imeongezeka kweli, mwenye laini ndiye anayewasiliana na huduma kwa wateja.

Walimu wengi huishia kusema "usimpe mtu namba ya siri", darasa linaitikia kwa pamoja, na somo linafungwa. Halitoshi, kwa sababu tapeli wa aina hii haombi namba ya siri. Anachoomba ni haraka. Tena anaongea kama mtu mzima mwenye shida, na mtoto aliyelelewa kwa heshima anaona vibaya kumkatalia mkubwa. Mpe sentensi ya adabu inayomtoa: "Subiri, mzee, mwenye simu atakupigia." Halafu igizeni. Mmoja awe mpigaji, alie, ahimize, aseme mtoto wake yuko hospitali. Mwingine arudie sentensi ileile na kukata simu. Kila mtoto aitamke kwa sauti, maana kuisikia tu hakumsaidii siku ya siku.

Neno la siri lifundishwe kwa hesabu. Bandika ukutani orodha ya maneno 36, yaliyochanganywa na lugha za darasani. Arua utapata Kilugbara, Bombo utapata Kinubi. Dadu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, huchagua neno moja. Rusha mara nne upate manne, na hayo kwa pamoja ndiyo neno la siri. P6 wakizidisha wenyewe watapata mipangilio 1,679,616, na hiyo ni hata kama mwizi ameiona orodha. Wakiongeza neno la tano inapita milioni 60. Namba ya siri ya tarakimu nne ina mipangilio 10,000 tu, na mtu akitumia mwaka wa kuzaliwa, anayemjua ana takriban 100 za kujaribu. Watoto wakishaiona hesabu hiyo, kuwakataza miaka ya kuzaliwa hakuhitaji ukali.

Kwenye chumba cha kompyuta, tuseme una watoto 60 na mashine 10. Nusu wakae kwenye mashine watatu watatu, nusu wafanye mazoezi ya karatasi. Mmoja anashika kipanya, mmoja anasoma maelekezo, mmoja anakagua. Badilisheni kila dakika sita. Baada ya dakika 18 makundi yanabadilishana, na kipindi cha dakika 40 kinakubakizia nne za kuingia na kutoka. Bila saa ya kuhesabu, kipanya kitabaki kwa mtoto mmoja hadi kengele.

Kompyuta za mitumba zina kasoro ndogo inayoharibu somo la usalama kimyakimya. Betri ya ubao mkuu, CR2032, ikifa, tarehe inarudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika. Hapo kivinjari kinatoa onyo la cheti (uthibitisho wa tovuti salama, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha), na watoto wanazoea kubonyeza "endelea" ili waendelee na kazi. Umewafundisha kupuuza onyo lenyewe! Badilisha betri, rekebisha tarehe, kisha weka sheria moja: onyo likitokea, mkono juu.

Kuchuja picha mbaya, weka kwenye ruta (kifaa kinachogawa intaneti) DNS, yaani huduma inayotafuta anwani za tovuti, ya 1.1.1.3 na 1.0.0.3, huduma ya bure ya Cloudflare. Lakini usiiamini peke yake. Kivinjari chenye mpangilio wake wa DNS kinaipita, na VPN, programu inayopitisha intaneti kwa njia iliyofichwa, pia inaipita. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, VPN zimejaa kwenye simu za watu. Akaunti ya wanafunzi isiwe na ruhusa ya kusakinisha programu, na simu ya mwalimu isigawe intaneti chumbani.

Kichujio kikishindwa, mtoto afanye nini? Azime skrini, siyo kompyuta, asifute kitu, amwite mwalimu. Ushahidi unabaki. Mwalimu naye asiisambaze picha hiyo hata kwa mwalimu mkuu: picha ya ngono ya mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, hata anayeituma akiwa na nia njema. Apige 116, Sauti, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Na yeyote anayeripoti asichapwe wala kufokewa. Viboko shuleni vilipigwa marufuku na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, na pale vinapoendelea watoto hunyamaza hadi anayewatisha mtandaoni amewabana kabisa.

Limebaki la shule yenyewe. Picha ya mtoto mwenye sare yenye beji, jina lake chini na lango la shule nyuma yake, inamwambia mgeni pa kumpata saa kumi jioni. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Andaeni fomu ya ukurasa mmoja ya kusainiwa mwanzoni mwa mwaka, yenye maswali tofauti kwa picha, kwa jina na kwa matokeo ya mtihani, kwa kuwa mzazi anaweza kukubali moja na kukataa jingine. Asiyerudisha fomu ahesabiwe amekataa.