Juisi au mtindi wa kugandisha?

SWALI: Naishi Minneapolis, Marekani. Nataka kununua faranchaizi, yaani haki ya kuendesha duka kwa jina la kampuni. Nichague duka la juisi au la mtindi wa kugandisha?

JIBU: Kabla ya ladha, soma hati ya ufichuzi ya kila kampuni, yaani maelezo ya biashara ambayo lazima impe mnunuzi. Kwa sheria ya huko, lazima uipate angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Kipengele cha 6 cha hati hiyo kina ada, na mrabaha (malipo ya mara kwa mara kwa kampuni) kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, si faida, kwa hiyo hata mwezi wa hasara utalipa. Cha 7 ni mtaji wa kuanzia. Cha 20 kinataja maduka yaliyofungwa na simu za waliojitoa: wapigie hao kwanza.

Mtindi humeza mtaji kwenye mashine, na nyingi hutaka umeme wa fezi tatu. Zinafunguliwa, zinasuguliwa, mipira ya kuzibia inapakwa grisi ya chakula. Mpira mmoja ukikaa vibaya, mtindi unachuruzika sakafuni. Lakini mteja hujihudumia, kwa hiyo wafanyakazi ni wachache.

Juisi ni kinyume: vifaa nafuu, mikono mingi, na maparachichi yanayoiva yote siku moja.

Kwa baridi ya Januari ya Minneapolis, tungechagua juisi, mradi menyu iwe na chakula cha moto.