Jibu: Yule farasi wa dhahabu yupo kweli?

Ndugu, umeuliza kama picha ya farasi anayeng'aa kama dhahabu imechezewa kwenye kompyuta. Haijachezewa. Huyo ni Akhal-Teke, aina ya farasi wa Turkmenistan, nchi ya jangwa la Karakum. Akhal ni jina la oasisi, na Teke ni kabila la Waturkmeni waliomfuga. Mng'ao hautokani na mafuta wala shampuu. Ni umbo la unywele wenyewe linavyorudisha mwanga. Na si wote wa dhahabu, hata weusi wapo.

Ukimwona bila matandiko unaweza kudhani ana njaa: mwembamba, shingo ndefu, manyoya ya shingoni haba, ngozi laini. Mimi mwanzoni nilimcheka! Lakini mwaka 1935 wapanda farasi walitoka na farasi wa aina hii Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan, hadi Moscow, zaidi ya kilomita 4,000 kwa siku 84, wakipita katikati ya jangwa hilo hilo la Karakum. Halafu 1960 kule Roma, Absent, dume mweusi wa aina hii aliyepandwa na Sergei Filatov, akachukua dhahabu ya Olimpiki.

Wengine hapa wanamwita farasi wa Kiarabu. Hapana, wa Kiarabu ni ukoo mwingine, na hata uso wake ni tofauti: umebonyea kidogo, wakati wa huyu umenyooka.