Mnyama, Wananchi na sisi wa Malindi: maswali yenu ya wiki

Wewe ni mtu wa Malindi. Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards) wako Nairobi, Bandari wako Mombasa. Mbona kila wiki ni timu za Dar es Salaam tu? (Msomaji, Barani)

Bandari nawapenda na nawaombea mema. Lakini nipe wiki moja tu ambayo banda la vidio limejaa hadi watu wanachungulia dirishani kwa ajili ya ligi yetu. Ikiwa ni Simba (Mnyama) na Yanga (Wananchi), ukifika saa kumi unusu umechelewa, unaangalia mechi kupitia kwapa la mtu. Mpira unafuata watu, nami nafuata mpira.

Fainali ipi iliuma zaidi, ya Yanga 2023 au ya Simba 2025? Tumebishana hadi kahawa imepoa. (Wazee wa baraza, Shela)

Wazee wangu, shikamooni. Mnajua mimi ni Msimbazi damu, yaani shabiki wa Simba, kwa hiyo jibu langu litawashangaza: ya Yanga.

Tuanze na yetu. Mei 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, tulikwenda Morocco kucheza na RS Berkane tukala mbili ndani ya robo saa ya kwanza. Mechi ikaisha 2-0, na kusema kweli fainali iliishia pale. Marudiano yakapelekwa Amaan, Zanzibar, kwa kuwa CAF, shirikisho la soka Afrika, hawakuridhika na nyasi za Uwanja wa Mkapa, Dar. Joshua Mutale akafunga mapema, tukapata matumaini, mwisho wa siku 1-1. Wapo Wanasimba wanaoapa kwamba ingechezwa Dar tungebeba kombe, kwa maana "kwa Mkapa hatoki mtu". Nawakumbusha mwaka 1993, Kombe la CAF: tulitoka sare ya bila kufungana ugenini na Stella Abidjan, tukarudi Dar tukijua kombe ni letu, tukafungwa 2-0 mbele ya watu wetu. Kwa hiyo ya uwanja tuyaache.

Sasa Yanga. Tarehe 28 Mei 2023, fainali ya kombe hilohilo, walikuwa nyumbani na USM Alger ya Algeria. Wako nyuma bao moja, dakika za lala salama, Fiston Mayele anasawazisha. Watu bado wamesimama wanatetema, ile dansi ya Mayele, Waalgeria wanaongeza la pili. Wiki iliyofuata Yanga wakaenda Algiers, kwenye uwanja uliojaa moshi na kelele, Djuma Shabani akapiga penalti ya mapema na wakashinda 1-0. Jumla 2-2. Kombe likabaki Algeria kwa sheria ya bao la ugenini, sheria ambayo Ulaya walikwisha kuitupa tangu 2021.

Simba tulizidiwa. Yanga walishinda fainali ugenini wakarudi bila kombe. Hayo ni maumivu ya aina nyingine, na mtani wangu yeyote akiyasoma haya asije akaniletea hisani.

Azam wana pesa, wana uwanja wao, wana televisheni. Kwa nini hawawi wakubwa? (Mwanafunzi, Watamu)

Mwanangu, swali lako ni zito kuliko unavyodhani.

Azam ni timu ya Bakhresa, yuleyule wa unga na juisi. Wako Chamazi, nje kidogo ya jiji, wana uwanja wao wenyewe wakati Simba na Yanga, pamoja na uzee wao wote, wanategemea uwanja wa serikali. Walipanda ligi kuu 2008, na msimu wa 2013/14 wakawa mabingwa bila kupoteza mechi. Tangu Mtibwa Sugar walipochukua ubingwa mwaka 2000, ni Azam peke yao waliowahi kuwapokonya wale wawili. Na 2015 walichukua Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, kwa kuwafunga Gor Mahia 2-0 fainali. Siku hiyo hata mimi niliumia, Ukenya ulinijia ghafla.

Halafu angalia kilichotokea 2017. Simba walikwenda Chamazi wakawachukua John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni kwa mkupuo mmoja. Msimu uliofuata Simba bingwa, na baada ya hapo mara tatu nyingine mfululizo. Azam ndio walioivisha, Simba ndio waliopakua. Kweli, 2023 Feisal Salum aliondoka Yanga akaenda Azam baada ya mvutano mrefu, lakini kwa ujumla njia ile inaelekea Kariakoo, kwa Simba na Yanga.

Sababu si pesa. Ukikaa Azam ukamaliza wa tatu, hakuna atakayekusubiri mlangoni. Ukikaa Simba ukamaliza wa pili, muuza machungwa atakuuliza sababu, dereva wa bodaboda atakuuliza, mama mkwe atakuuliza. Yanga ilianza 1935, wenzao wakajitenga mwaka uliofuata, na tangu hapo kila mmoja anaamka asubuhi akiangalia mwenzake amelalaje. Simba walipochukua ubingwa mara nne, 2018 hadi 2021, Yanga hawakukaa kulia. Walitafuta mfadhili, wakaleta wachezaji, nao wakachukua mara nne, 2022 hadi 2025. Novemba 2023 Yanga walipotupiga 5-1, lile kono la nyani la mabao matano, kocha wetu Robertinho hakumaliza wiki. Azam hawana mtani wa kuwatoa jasho namna hiyo, na mtani hanunuliwi dukani.

Machi 2025 Simba waligoma kucheza dabi. Si walikimbia? (Mwananchi, Mambrui)

Nilijua utauliza. Kanuni inampa mgeni nafasi ya kufanya mazoezi uwanjani siku moja kabla ya mechi. Simba walifika usiku ule wakazuiwa langoni, wakatangaza kwamba hawachezi, bodi ya ligi ikaahirisha mechi ya tarehe 8. Kwa haki ya kanuni walikuwa sawa. Lakini mtu aliyesafiri kutoka Mwanza na tiketi mfukoni, kanuni hiyo inamsaidia nini? Mechi ilichezwa 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0 na ubingwa juu. Tulikuwa na miezi mitatu ya kujiandaa. Basi.

Mume wangu ni Yanga, mimi ni Simba, ananiambia wanawake hatujui mpira. Nimjibu nini? (Mama wawili, Muyeye)

Dada, mwambie mwaka 2022 Simba Queens walichukua ubingwa wa CECAFA, yaani wa Afrika Mashariki na Kati, wakaenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika wakamaliza wa nne. Kisha muulize Yanga Princess walimaliza wa ngapi huko. Akikaa kimya, mwekee chai.

Nataka kwenda Dar kuangalia dabi. Nianzie wapi? (Kijana wa beach, Malindi)

Pasipoti kwanza, au ile hati ya muda ya Afrika Mashariki; kitambulisho peke yake kitakukwamisha mpakani Horohoro. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mombasa, feri ya Likoni, Lunga Lunga, Tanga, Chalinze, Dar. Ondoka siku mbili kabla, maana basi la kuungaunga likikuangusha Segera usiku utajuta.

Ukifika tafuta N-Card, ile kadi ya kielektroniki, tiketi inawekwa humo, pesa mkononi mlangoni hazikusaidii. Uwanja unaingiza watu 60,000. Kaa mzunguko, kwenye viti vya kawaida, huko VIP watu wanapiga makofi kama wako harusini. Na asubuhi ya mechi nenda Kariakoo kwa miguu: kutoka Mtaa wa Msimbazi, kwa Simba, hadi Jangwani, kwa Yanga, ni mwendo mfupi tu, lakini ukivaa nyekundu ya Simba ukapita Jangwani utaimbiwa njia nzima. Hakuna atakayekugusa. Utatukanwa kwa ustadi tu.

Kuna Mkenya yeyote wa maana huko? (Msomaji, Gede)

Wapo. Boniface Ambani alifunga sana Yanga miaka ile, Francis Kahata na Joash Onyango wamepita Simba, Duke Abuya akaenda Yanga 2024, na 2025 Simba wakamchukua Mohamed Bajaber kutoka Kenya Police. Mashabiki wa kule hawaulizi pasipoti. Wanauliza umefunga ngapi dhidi ya mtani.

Maswali ya ndondi na ya nani atauzwa wapi nimeyaweka kando hadi wiki ijayo. Na yule wa Ngomeni aliyetuma picha ya mbuzi aliyevalishwa jezi ya kijani ya Yanga: nimeiona, nimecheka, lakini mbuzi mwenyewe anaonekana hataki.